Anayeandika Naye Aulizwe

Karibu kila kazi ya mwisho wa masomo inayoandikwa Bukavu kuhusu afya ya watu hufungwa kwa ukurasa wa mapendekezo, na mpangilio wake tunaujua kwa kichwa. Inatajwa serikali kwanza: ijenge, iongeze bajeti, iwalipe wauguzi. Wanafuata wakubwa wa zoni ya afya: wasimamie, wafuatilie. Kisha mashirika, yasaidie. Mwisho kabisa wakazi: wanawe mikono, wachemshe maji, waache tabia fulani, wawahi kituoni. Nimesoma kurasa nyingi za namna hiyo maktabani. Mapendekezo mengi ni sahihi, na sina ugomvi nayo. Ila katika orodha yote ile kuna mtu mmoja asiyepewa kazi yoyote, naye ni yule aliyeandika.

Mimi ni mwanafunzi, na kwetu ni Kasha, katika komini ya Bagira, mahali ambapo jiji linaishia na mashamba yanaanza. Mtu anaweza kuwa na migomba na mihogo nyuma ya nyumba, na mbele yake pikipiki zikipita na abiria wa Kadutu. Maji ya bomba yanawafikia wengine, wengine hayawafikii, na hata yakija huja kwa saa isiyotangazwa, kwa hiyo bidoni za njano za lita 20 hulala mstarini zikiwatunzia wenyewe nafasi. Nyumbani tunasema Mashi, sokoni Kiswahili, darasani Kifaransa. Siku mwalimu alipotuuliza afya ya watu wote ni wajibu wa nani, kila mmoja wetu alijibu kwa Kifaransa safi, na kila jibu lilimtaja mtu ambaye hakuwamo darasani.

Bukavu ni mji wa miteremko. Choo cha aliye juu kikifurika mvua inaponyesha, anayekanyaga uchafu ni aliye chini. Takataka iliyotupwa mferejini huishia Ziwa Kivu, na ziwa hilohilo ndilo wengine wanalochotea maji. Katika mji wa namna hii majibu tuliyoyazoea hayatoshi. Tunasema afya ni kazi ya serikali, na ni kweli: Katiba ya 2006, ibara ya 47, inahakikisha haki ya afya, nami siko tayari kuifutia serikali deni hilo hata siku moja. Lakini deni lisilolipwa halimzuii mtoto kuhara usiku wa leo. Au tunasema kila mtu na afya yake. Basi mama aliyepata bidoni moja saa tisa za usiku, akaipandisha mlima mgongoni, anaambiwa aichemshe kwa makaa ambayo bei yake haishikiki. Asipochemsha, kosa linaandikwa juu yake.

Mwanafalsafa wa Marekani Iris Marion Young, katika kitabu kilichotoka 2011 baada ya kifo chake, alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: kuwa na hatia na kuwa na wajibu. Hatia hutazama nyuma na kumtafuta aliyetenda. Wajibu hutazama mbele na kumhusu kila anayeshiriki, hata kwa kuishi tu, katika mpangilio unaozalisha madhara. Kwa mtu wa mteremko, maneno hayo hayahitaji maelezo marefu. Aliye juu hakukusudia kumwambukiza aliye chini. Hata hivyo hawezi kusema kwamba hayamhusu.

Lakini nikibaki na Young peke yake naona pengo. Tukisema wote wanahusika, ni rahisi kila mmoja akatulia akimsubiri mwenzake. Nimetafuta kitu kinachougeuza wajibu wa wote kuwa wangu, na nilichopata ni hiki: mtu mwenye wajibu ni yule anayeweza kuulizwa, na akiulizwa anapatikana. Mtu ambaye hakuna anayeweza kumfikia na swali lake hajabeba wajibu wowote, hata kama cheo chake ni kikubwa na hotuba yake ni tamu.

Mfano wa karibu ni reko, wale wahudumu wa kujitolea wa afya ambao kila mtaa wa Kongo unawajua. Kipindupindu kinapoinuka, na huku Kivu huinuka mara kwa mara, utamkuta mmoja wao amesimama mahali watu wanapochotea maji. Ana ndoo ya maji ya klorini iliyofunikwa, pamoja na bomba la sindano lisilo na ncha. Bidoni inaletwa mbele yake, anavuta kipimo, anamimina, anafunga kifuniko, anaitikisa bidoni, kisha anasema: Mama, ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Mama analalamika kwamba maji yatanuka. Reko anamjibu. Kesho yake, mtoto wa mama huyo akiumwa tumbo, mama anajua nyumba ya reko iko wapi, anajua reko huyo ni mtoto wa nani, na atakwenda kumuuliza. Mshahara hana, au ana posho inayokuja leo na kukosekana kesho. Hata hivyo, katika mfumo mzima wa afya simjui mtu anayewajibika kwa ukamilifu kuliko yeye, kwa sababu hana mahali pa kujificha.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya utamaduni, na hapo ndipo ninapogombana na sura ya tatu ya kazi zetu, ile ambamo mila na desturi huorodheshwa chini ya kichwa cha vikwazo. Kuwa mtu wa mahali ni kujulikana wewe ni wa nani, na anayejulikana ni wa nani anaulizika. Ukoo, avenyu, kanisa, chama cha akiba cha akina mama: kila kimoja kati ya hivyo kinampa mtu watu ambao anapaswa kuwajibu. Anayeviita vikwazo anavunja njia ambayo wajibu ulikuwa tayari unapitia.

Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini na ikaendelea hadi Juni 2020 iliua zaidi ya watu 2,200. Mwezi Agosti 2019 ilifika Mwenga, katika jimbo letu. Taarifa nyingi za wakati ule zilizungumzia upinzani wa jamii, na mazishi ndiyo yaliyotajwa zaidi. Ni kweli kwamba mwili wa aliyekufa kwa Ebola una hatari kubwa, na kwamba kuuosha na kuugusa kumewaua wengi. Lakini tumfikirie mwana anayeosha mwili wa mama yake. Mtu huyu hakukimbia wajibu. Alikuwa anatimiza ule mzito kuliko yote aliyofundishwa. Waliomjia na mavazi yanayoficha uso walimletea wajibu mwingine, wa kweli pia, ila mbele yake walikuwa watu wasio na jina, ambao asingeweza kuwatafuta kesho na kuwauliza mama yake wamemlaza wapi. Pale ndugu waliporuhusiwa kusimama, kuona, kusali na kuchagua nguo ya marehemu, mazishi yaliweza kuwa salama na bado yakawa mazishi. Wajibu wa aina mbili uligongana, na kuupatanisha kulihitaji mazungumzo kabla ya jeneza.

Mwaka 2023 ilikuja aina mpya ya mpox, iliyoonekana kwanza Kamituga, mji wetu wa dhahabu, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Ugonjwa huo huenea kwa kugusana, na kwetu salamu ni mkono; kwa mzee mkono wa kushoto hushika kiwiko cha kulia kuonyesha heshima. Nimewaona wazee wa Kasha, mlangoni mwa kanisa na kwenye matanga, wakiweka kiganja kifuani na kuinama kidogo. Heshima ilibaki nzima. Walioamua hivyo walikuwa wao wenyewe, baada ya kuongea.

Sisemi kila desturi ibaki. Wako watu wanaosema kuhara kwa mtoto mchanga ni meno yanaota tu, na mtoto anakauka maji mwilini huku nyumba nzima ikisubiri jino. Hilo linaua, na lazima lisemwe wazi. Swali ni nani atalisema likasikika. Bénézet Bujo, mwanateolojia mzaliwa wa Ituri aliyefundisha miaka mingi Fribourg, Uswisi, alitetea wazo kwamba katika jamii zetu jema na baya hutafutwa kwa kuketi pamoja na kujadiliana, wala hayashushwi na mmoja kwa wengine. Nakubaliana naye, na naongeza sharti moja: anayeketi barazani ili kukemea awe mtu ambaye na yeye anaweza kukemewa pale. Msichana wa mtaa anayesomea uuguzi anaweza kumwambia mama mkwe wa dada yake kwamba si meno. Atabishiwa, atafokewa, atarudi tena Jumapili.

Lakini baraza lina mpaka wake: linawahusu walio karibu, na maradhi hayaishii kwa walio karibu. Kwa walio mbali, na kwa watakaokuja baada yetu, tuna maandishi. Ndiyo maana sikubali kwamba ustadi wa kuandika ni pambo la wasomi. Kujulikana kwangu mtaani kunawawezesha majirani kuniuliza. Ninachoandika kinamwezesha kuniuliza hata mtu asiyenijua.

Fungua rejista ya kituo chochote cha afya kwetu. Ni daftari kubwa la jalada gumu, safu zimepigwa kwa rula: tarehe, jina, umri, jinsia, makazi, ugonjwa, dawa. Mwuguzi aliye peke yake asubuhi yenye foleni ndefu hujaza upesi, na kwenye safu ya makazi huandika Kasha. Mstari wa pili, Kasha. Wa tatu, alama za kurudia, na alama hizo hushuka hadi chini ya ukurasa. Simlaumu, ninajua mikono yake ina kazi ngapi. Lakini ukurasa ule, wagonjwa wa kuhara wakizidi ghafla, hautamwambia mtu yeyote aende chemchemi gani. Ugonjwa umeandikwa, na mahali unapotoka hapajulikani.

Nalinganisha na kisa cha London mwaka 1854. Wengi wanamjua daktari John Snow na bomba la maji la Broad Street, ambalo mpini wake uliondolewa tarehe 8 Septemba, baada ya kipindupindu kuua mamia ya watu wa mtaa mmoja. Wachache wanamkumbuka Henry Whitehead, kasisi kijana wa mtaa ule, ambaye mwanzoni hakumwamini Snow. Whitehead aliwajua watu nyumba kwa nyumba, akawauliza mmoja mmoja, na mwaka uliofuata, akipekua orodha ya vifo, akakutana na mstari wa mtoto wa miezi mitano wa nyumba namba 40. Mstari huo ulitaja kwamba mtoto alihara siku nne kabla ya kufa. Alipohesabu nyuma, akaona mtoto aliugua kabla ya mlipuko kuanza. Akaenda kwa mama yake, akaambiwa kwamba maji ya kufulia nepi yalimwagwa kwenye shimo lililo mbele ya nyumba, hatua chache tu kutoka kisima cha bomba lile. Snow alikuwa na hoja na Whitehead alikuwa mtu wa mtaa. Na kabla ya wote wawili alikuwepo karani asiyetajwa mara nyingi, aliyeandika namba ya nyumba na idadi ya siku.

Ustadi ninaousema ndio huo wa karani. Uko pia katika sentensi. Kazi zetu zimejaa sentensi kama hii: ilibainika kuwa hatua stahiki hazikuchukuliwa. Ni sentensi sahihi kisarufi na mwalimu hataipigia mstari. Lakini nani hakuchukua hatua? Nani alibaini, na alimwambia nani? Anayejifunza kuandika vizuri hujilazimisha kumweka mtu kando ya kila kitenzi: kamati ya maji ilikutana mara moja, fundi hakulipwa, mimi nilipima maji ya chemchemi na nikampa shefu wa avenyu majibu. Sentensi ya namna hiyo ni ngumu kuandika kwa sababu mtu anaweza kuja nayo mkononi na kuniuliza.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu tangu vita viingie mjini Februari 2025 hakuna wa Bukavu asiyejua kwamba jina lililoandikwa linaweza kumwumiza mwenyewe. Jina la mgonjwa si la mtaa, na hali ya mama aliyebakwa si ya kusimuliwa kwa jirani hata kwa nia njema. Anayeandika kwa wajibu anajua chemchemi inatajwa kwa jina lake na mgonjwa anafichwa. Kushindwa kutofautisha hayo mawili kumewafanya watu wakiogope kituo cha afya kuliko ugonjwa.

Kwa hiyo nawageukia wenzangu wanaomaliza mwaka huu, wa tiba, wa uuguzi, wa afya ya jamii. Mkifika kwenye ukurasa wa mapendekezo, baada ya serikali na mashirika na wakazi, ongezeni mstari mmoja unaosema mtafiti mwenyewe atafanya nini na lini. Kisha andikeni kurasa mbili za Kiswahili cha kwetu, mzipeleke kwenye kituo kilichowapa takwimu, mzisome kwa sauti mbele ya reko, wauguzi na wazee wa avenyu, na mkae hapo mpaka maswali yaishe.