Kisima Kikavu

Ukiwasha taa Nairobi usiku, huenda stima hiyo ilianza kama mvuke chini ya mawe ya Olkaria, karibu na Naivasha. Jotoardhi hutupa takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Hiyo ndiyo sehemu tamu ya hadithi. Mwanzo wake ulikuwa mchungu: kati ya 1956 na 1959 visima viwili vilichimbwa pale, mvuke wa maana haukupatikana, kazi ikasimama. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi 1981.

Sasa niambie, wale waliochimba vile viwili walifaulu au walifeli?

Watu hupenda kujibu kwamba walifungua njia. Mimi sikubali haraka hivyo. Kufeli peke yake hakumfungulii mtu njia.

Angalia kazi ya mwanajiolojia pale kisimani. Kila baada ya mita chache anachukua vipande vya mwamba vilivyoletwa juu, anaviosha, anavikagua kwa hadubini. Anatafuta madini kama epidoti, ya rangi ya kijani, ambayo kwa kawaida hujiunda joto likifika nyuzi 240 hivi. Akiiona, anaandika. Asipoiona, anaandika vilevile. Ugumu uko hapo kwenye "sijaona", maana kisima kimoja hula mamilioni ya dola na wakubwa wanangoja habari njema. Akitia chumvi kidogo tu, kesho wenzake watachimba palepale, wapate hasara ileile.

Kwa hivyo thamani ya kisima kikavu iko kwenye daftari. Kikiandikwa kwa ukweli, ajaye atajua pa kupita. Kikifichwa, ni shimo tu.

Nasema haya nikijua mwenyewe niko wapi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na kusema kweli, hilo halinitii aibu tena. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mama bado anawaambia majirani nitafuzu Desemba. Na mdogo wangu ameomba kozi ileile, chuo kilekile, kwa sababu kila nikienda nyumbani alinisikia nikiisifu. Karo yake itatoka kwa ng'ombe wa mwisho.

Nampigia mama leo jioni, kabla ng'ombe hajafika sokoni.