Kupanda Chombo cha Anayekudharau

Je, ni halali kushirikiana na kundi linaloihesabu jamii yako kuwa duni? Swali hili linajitokeza katika Mass Effect 2, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2010 na kampuni ya BioWare ya Kanada. Cerberus ni kundi la wanadamu wanaotaka jamii yao iwatawale wengine angani. Hata hivyo Tali, Garrus na daktari Mordin, viumbe wa sayari nyingine, wanapanda chombo chake ili kuwazuia Collectors wanaoteka makazi mazima ya wanadamu. Tali hafichi kinyongo: anamfuata Kamanda Shepard, si Cerberus.

Mimi siwaiti wasaliti. Amwokoaye mtoto mtoni haulizi mtumbwi ni wa nani. Lakini nia njema haitoshi, kwani jasho lako humnenepesha mwenye mtumbwi pia. Mwishoni Shepard huamua ama kuiteketeza ngome ya adui, ama kumwachia mkuu wa Cerberus. Na katika mchezo wa tatu, wa mwaka 2012, Cerberus ni adui wa wazi.

Basi, msomaji, mshirika hapimwi kwa kupanda kwake. Hupimwa kwa kujua wapi atashuka. Asiyeweza kushuka si mshirika tena, ni mtumwa.