Waya Una Ncha Mbili

Mwaka 2010 nilikuwa bado chuo kikuu. Usiku mmoja mwenzangu wa chumbani aliniita nitazame kitu kwenye kompyuta yake. Intaneti ilikuwa ya kusuasua: picha inakwama, inaendelea, inakwama tena. Niliona bomba lililovunjika, na kitu cha rangi ya kahawia kikifoka kama moshi wa lori bovu. Nikamuuliza hii ni sinema gani. Akasema, "Sio sinema kaka, hiyo ni sasa hivi."

Yalikuwa mafuta, kwenye sakafu ya Ghuba ya Mexico, kina cha mita 1,500 hivi. Tarehe 20 Aprili mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulikuwa umelipuka, watu 11 wakafa, na kisima cha kampuni ya BP kikabaki kinamwaga. Kina hicho si cha mzamiaji, kwa hiyo zilishushwa roboti. Mawimbi ya redio hayafiki popote ndani ya maji ya chumvi. Sauti inapita, lakini haina uwezo wa kubeba video safi. Ndiyo maana roboti za namna hiyo hufungwa waya mrefu hadi melini. Umeme na amri vinashuka, picha zinapanda.

Nimeufikiria ule waya kwa miaka. Una ncha mbili. Ya chini iko kwenye tukio lenyewe. Ya juu iko melini, na meli ina mwenyewe. Sasa swali langu ni hili: aliyeshika ncha ya juu, je, anachokiona ni mali yake?

Kwa wiki kadhaa waliokuwa wanaona mubashara walikuwa wachache. Idadi iliyotangazwa rasmi mwishoni mwa Aprili ilikuwa mapipa 5,000 kwa siku. Tarehe 12 Mei kampuni ikatoa kipande cha video cha sekunde 30. Profesa Steven Wereley wa Chuo Kikuu cha Purdue akakikalia, akapima kasi ya ule mfoko, akapata kama mapipa 70,000. Sekunde 30 tu! Mbunge Edward Markey akashinikiza video iwe wazi kwa umma, na kabla Mei haijaisha hata sisi wa hosteli tulikuwa tunatazama. Hesabu za wanasayansi wa serikali, zilizotoka Agosti, zilisema kisima kilianza na mapipa 62,000 kwa siku. Mwaka 2012 BP ilikubali kukiri makosa ya jinai, likiwamo la kulikwamisha Bunge la Marekani kuhusu kiasi hicho hicho.

Ni rahisi kuwanyooshea kidole. Tatizo ni kwamba na mimi nimewahi kushika ncha ya juu.

Miaka michache iliyopita mtu alinitumia video kwenye simu: bomba likimwaga maji meusi, usiku, kwenye mto ambao watu wanachota. Mhariri akasema tusubiri kauli ya wahusika. Kauli haikuja. Nilikaa na ile video siku 8. Ya tisa tukaitoa, watu wakanipongeza. Nilipokwenda pale kufuatilia, mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulijua lini?" Nikamweleza habari za taratibu za uhariri. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Wenzangu wa kazini wananiambia picha mbichi inapotosha. Kweli. Hata hesabu ya Wereley ilikuwa juu kuliko iliyokuja baadaye. Na si kila kinachoonekana ni cha kurushwa. Septemba 1985, timu ya Robert Ballard iliiona Titanic kwa kamera iliyokuwa ikivutwa kwa waya. Wakashangilia kama watoto. Halafu mmoja akatazama saa: ilikuwa inakaribia saa nane na dakika 20 usiku, muda ambao meli ile ilizama. Shangwe ikakatika, wakatoka nje wakasimama kuwakumbuka waliokufa. Pale kunyamaza kulikuwa heshima.

Basi tunatofautishaje ukimya wa heshima na ukimya wa hila? Mimi naangalia ukimya unamlinda nani. Wafu wa Titanic hawakupungukiwa kitu kwa watu kunyamaza kidogo. Wavuvi wa Louisiana walipungukiwa, kwa sababu madhara yalikuwa bado yanatoka bombani. Kama jambo bado linaendelea na kuna mtu anaumia kwa kutolijua, basi anayeliona ana deni, na deni hilo linaanza pale pale anapoona. Halingoji mpaka aelewe kila kitu.

Lakini nisijifiche nyuma ya mafuta ya Wamarekani. Sikuwa na lazima ya kutoa habari kamili siku ya kwanza, wala ya kumtaja mtu. Ningeweza kumpigia simu mwenyekiti wa kijiji nikamwambia: nimeona hiki, sijui ni nini, wazuieni watu wasichote kwanza. Sentensi hiyo haikuhitaji mhariri. Haikuhitaji kauli ya wahusika. Ilihitaji salio la simu, na nilikuwa nalo.