Kufuli, Nakala na Jina la Mtunzi

Suala la uharamia wa vitabu aghalabu huachiwa wanasheria na wafanyabiashara. Wahakiki wa fasihi wamelinyamazia kana kwamba haliwahusu. Makala haya yanashikilia kwamba linawahusu, kwa kuwa kiini chake ni uhusiano baina ya mtunzi na msomaji. Swali letu ni hili: je, kufuli la kidijitali linalotiwa katika kitabu cha kielektroniki ili kisinakiliwe humlinda mtunzi dhidi ya maharamia?

Tuanze na mfano wa karibu. Katika kibanda kimoja cha fotokopi mtaani Ngara, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, tulimkuta mwanafunzi akichapisha riwaya teule ya Kiswahili kutoka katika simu yake ya mkononi. Kurasa zilikuwa zimepigwa picha moja baada ya nyingine, na kivuli cha kidole gumba kilionekana pembeni. Hapakuwa na jalada wala ukurasa wenye jina la mtunzi. Tulipomuuliza riwaya ile ni ya nani, alijibu kwa adabu: "Sijui, mwalimu. Nilitumiwa tu."

Tukio hili linatufunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba hapakuwa na kufuli lililovunjwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, katika kifungu cha 35, inamhesabu mtu anayekiuka kinga ya kiufundi ya kazi kuwa amevunja hakimiliki. Lakini haramia wa riwaya ile hakuhitaji kuigusa kinga yoyote. Alihitaji nakala moja ya karatasi na simu yenye kamera. Maadamu kitabu kinauzwa pia madukani kwa karatasi, kufuli la kielektroniki ni komeo imara juu ya mlango wa nyumba isiyo na kuta.

Hata pale ambapo karatasi haipo, ushahidi si wa kutia moyo. Mwezi wa Machi mwaka wa 2000 Stephen King alitoa hadithi yake *Riding the Bullet* kwa njia ya kielektroniki pekee, ikiwa na kinga. Kinga hiyo ilivunjwa baada ya siku chache. Kwa upande wa pili, mwaka wa 2012 kampuni ya Tor, inayochapisha riwaya za kisayansi na za kifantasia, iliondoa makufuli katika vitabu vyake. Mwaka uliofuata tawi lake la Uingereza lilieleza kwamba halikuona ongezeko la uharamia lenye kutambulika.

Yamkini mtetezi wa kufuli atasema kwamba halikukusudiwa kumzuia haramia sugu, bali kumkumbusha msomaji wa kawaida asigawe ovyo kisichokuwa chake. Hoja hii ina uzito, na hatuna budi kuikubali kwa kiasi. Hata hivyo, ni lazima tuulize gharama yake inalipwa na nani. Mwezi wa Julai mwaka wa 2009 Amazon iliwafutia wasomaji nakala za *1984* na *Animal Farm* za George Orwell zilizokuwa katika vyombo vyao, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki ya kuziuza. Pesa zao zilirudishwa, lakini funzo lilibaki: anayenunua kitabu chenye kufuli hakimiliki kama anavyokimiliki kile cha rafuni. Vivyo hivyo, kufuli linaweza kukizuia chombo kinachomsomea kipofu kwa sauti. Kwa hiyo aliyelipa ndiye anayefungwa, ilhali aliyeiba anasoma bila pingamizi. Kimaadili, huko ni kumwadhibu mwaminifu kwa kosa la mwizi.

Jambo la pili katika tukio la Ngara ni zito zaidi: jina la mtunzi lilikuwa limepotea. Katika fasihi yetu, kunakili hakukuwa dhambi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalitufikia kwa sababu watu waliyahifadhi vichwani, na Mwalimu Sikujua akasaidia kuyakusanya na kuyaeleza, hata yakachapishwa katika diwani mwaka wa 1940, karibu karne moja baada ya kifo cha mshairi. Watunzi wengi wa tendi nao walitaja majina yao katika beti za mwisho. Mnakili aliyeliondoa jina aliukata utenzi wenyewe. Hilo nalo lilikuwa kufuli la aina yake: halikukataza nakala, bali liliitaka kila nakala imtambue mwenyewe.

Hatusemi kwamba mtunzi wa leo ashibe kutajwa. Riwaya huchukua miaka, na mrabaha ni haki yake. Lakini kikulacho ki nguoni mwako: mtunzi anaweza kupoteza kwa mkataba asiousoma, kwa mrabaha unaocheleweshwa, na kwa bei ya kitabu iliyoongezewa ushuru wa asilimia 16 uliowekewa vitabu nchini mwaka wa 2013. Hakuna kufuli linaloponya hayo. Kinachomfaa zaidi ni kitabu kinachopatikana upesi, kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuilipa kwa simu ileile aliyoitumia kupokea nakala ya wizi.

Nasi wahakiki tusijitoe lawamani. Mwanafunzi yule alikuwa ameandaliwa kujibu maswali ya dhamira, wahusika na mbinu za lugha, bila kujua kwamba nyuma ya maneno yale kuna mtu anayekula jasho lake. Ni vigumu kumwibia mtu unayemjua kwa jina. Ni rahisi mno kumwibia asiye na jina. Kumrudishia mtunzi jina lake darasani ni kinga isiyovunjwa na programu yoyote, na kazi hiyo ni yetu.