Wepesi Uliofichwa Udongoni

Metali iliyo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia si chuma, si shaba, wala si dhahabu ambayo watu wameuana kwa ajili yake tangu enzi za Mafarao. Ni aluminiamu. Karibu asilimia 8 ya uzito wa ganda hilo ni yenyewe. Imo katika udongo mwekundu tunaoukanyaga na katika udongo wa kufinyangia vyungu. Hata hivyo Mwenyezi Mungu aliisitiri machoni petu kwa maelfu ya miaka, kwa kuwa aliiumba ikiwa imeng'ang'ania oksijeni kiasi kwamba moto wa mhunzi hauwezi kuzitenganisha. Ni mwaka 1825 tu ndipo Hans Christian Ørsted, mwanasayansi wa Copenhagen, alipoweza kupata vipande vidogo vya metali yenyewe.

Kwa miaka sitini iliyofuata ilibaki kuwa kitu cha wafalme. Inasimuliwa kwamba Napoleon wa Tatu wa Ufaransa aliwapa wageni wa heshima vijiko vya aluminiamu, huku wengine wakila kwa vya dhahabu. Kisha, mwaka 1886, vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, wakagundua kila mmoja kivyake njia ileile ya kuitoa metali hiyo kwa umeme. Wote wawili walizaliwa mwaka 1863. Wote wawili walifariki mwaka 1914. Anayetaka kusema ni sadfa na aseme; mimi nashindwa. Bei iliporomoka, na leo fundi wa madirisha Dar es Salaam au Mombasa anakata aluminiamu kwa msumeno bila kufikiri kwamba mfalme aliwahi kuionea fahari.

Miongoni mwa vitu vyote ambavyo binadamu amevitengeneza kwa metali hiyo, kimoja kinanifanya nimtukuze Muumba zaidi hata ya ndege za abiria. Ni gari dogo la Kiingereza la watu wawili, Lotus Elise, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Frankfurt mwaka 1995.

Habari yake haielezeki bila kumtaja Colin Chapman, ingawa alikuwa amefariki miaka 13 kabla. Chapman alizaliwa mwaka 1928, akasomea uhandisi wa miundo katika Chuo Kikuu cha London, akajifunza kurusha ndege, na kwa muda akafanya kazi katika kampuni ya British Aluminium. Mwaka 1948 alichukua kijigari cha Austin 7 akakigeuza kuwa gari la mashindano, na mwaka 1952 akaanzisha kampuni yake ya Lotus kaskazini mwa London. Wenzake walipotaka mwendo waliongeza injini. Yeye alipunguza uzito. Mwaka 1957 alitoa Lotus Seven, gari lililo karibu uchi, lisilo na kitu kisichohitajika, ambalo kampuni ya Caterham inaendelea kulitengeneza hadi leo. Mwaka 1962 aliingiza katika mashindano ya Formula One gari la Lotus 25, ambalo mabati yake ya aluminiamu yaliyopigiliwa ribiti ndiyo yaliyokuwa mwili na mifupa kwa pamoja. Mwaka uliofuata Jim Clark alishinda nalo mashindano 7 kati ya 10 akawa bingwa wa dunia.

Lakini wepesi nao una mpaka, na Chapman alipenda kuusogelea mpaka huo mno. Mwaka 1970 dereva wake Jochen Rindt alifariki katika mazoezi huko Monza. Inaaminika shafti ya breki ya mbele ilikatika. Pointi alizokuwa amekwisha kuzikusanya hazikufikiwa na mtu, kwa hiyo akatawazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini, na mpaka sasa hakuna mwingine wa namna hiyo. Kila kitu kimeumbwa kwa kipimo, na anayechezea kipimo hulipa, au humlipisha mwingine.

Sasa kwa nini wepesi? Hapa ndipo kanuni za uumbaji zinapojitokeza waziwazi. Nguvu ileile ikisukuma uzito nusu, mwendo huongezeka kwa kasi maradufu; hilo Newton alilibaini karne ya 17, lakini sheria ilikuwapo kabla yake. Tairi nalo lina siri. Ukilibebesha mzigo mara mbili, halishiki barabara mara mbili; hushika pungufu ya hapo. Ndiyo maana gari jepesi lenye tairi nyembamba linaweza kukata kona ambamo gari zito lenye tairi pana litapepesuka. Tena wepesi huzaa wepesi: gari likipungua uzito, breki ndogo zinatosha, injini ndogo inatosha, springi laini zinatosha, na kila kimoja katika hivyo kinapungua uzito tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Lotus ilikuwa taabani kifedha. Ilikuwa imenunuliwa na Mwitaliano Romano Artioli, na ilihitaji gari jipya la bei nafuu ambalo halingedai mashine ghali za kukandamiza mabati. Kiwanda kiko Hethel, katika jimbo la Norfolk, mahali palipokuwa uwanja wa ndege za mabomu za Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na sehemu ya njia za kurukia ndege ndiyo iliyogeuzwa kuwa barabara ya majaribio. Hapo Julian Thomson alichora umbo la gari, na mhandisi Richard Rackham akabaki na swali gumu la mifupa yake.

Ugumu ulikuwa huu. Aluminiamu ina theluthi moja ya uzito wa chuma, lakini pia ina theluthi moja ya ukakamavu wake. Ukitengeneza kwa aluminiamu nakala ya fremu ya chuma, utapata fremu nyepesi inayopinda. Jibu tayari lilikuwa limeandikwa katika mwanzi na katika mfupa wa bawa la ndege: ukakamavu hautokani na wingi wa kitu peke yake, unatokana pia na mahali kilipowekwa. Peleka nyama ya metali mbali na kitovu, acha katikati pawe wazi, na kitu chembamba kitakakamaa.

Kwa hiyo Rackham hakutumia mabati. Alitumia mihimili ya aluminiamu yenye uwazi ndani, iliyotengenezwa na kampuni ya Hydro huko Denmark. Gogo la aluminiamu hupashwa moto mpaka lilainike bila kuyeyuka, kisha husukumwa kwa nguvu kubwa kupitia tundu la chuma kigumu lenye umbo linalotakiwa, kama unga wa tambi unavyosukumwa katika mashine yake, likatoka upande wa pili likiwa mhimili mrefu wenye vyumba na kuta ndani yake. Ndiyo kazi ileile inayozaa fremu za madirisha yetu. Kuta za baadhi ya mihimili hiyo hazizidi milimita chache kwa unene.

Basi mihimili hiyo ikaunganishwa na nini? Kuchomelea aluminiamu hudhoofisha sehemu iliyopata joto, na ili ibaki imara lazima uifanye nene, yaani nzito. Rackham na wenzake wakaamua kutumia gundi.

Msomaji asicheke. Gundi ya epoksi ikitandazwa kwenye eneo pana hugawa mzigo sawasawa, mahali ambapo bolti ingeukusanya kwenye tundu moja. Na kinachoiwezesha ishike ni jambo lililowekwa na Muumba katika metali yenyewe. Kata kipande cha aluminiamu: kabla hujafumba na kufumbua, uso wake mpya umekwisha kujivika ngozi ya oksidi, nyembamba kiasi cha milimita chache ukizigawa kwa milioni moja, ngumu, isiyopitisha maji wala hewa. Kutu ya chuma hula chuma mpaka kiishe, ila "kutu" ya aluminiamu ndiyo nguo yake. Sehemu za fremu ya Elise zilitumbukizwa kwenye bafu la asidi lenye umeme ili ngozi hiyo iongezeke unene, kisha zikapakwa gundi, zikaunganishwa na kuingizwa kwenye tanuri. Lakini gundi ina udhaifu wake. Ukiivuta kwa mtelezo haiachii. Ukiibandua kutoka ukingoni, kama mtu anavyobandua stika, inakubali. Ajali hubandua. Kwa hiyo waliongeza skurubu zinazojitobolea zenyewe mwishoni mwa maungio. Katika mwendo wa kila siku skurubu hizo hazina kazi kubwa; zinasubiri siku ya msiba.

Fremu nzima ilipowekwa kwenye mizani ilikuwa na kilo 68. Watu wazima wengi wana uzito zaidi ya huo, na hiyo ndiyo iliyobeba injini, magurudumu, dereva na abiria wake! Gari zima, likiwa na bodi ya faibaglasi, lilikuwa na kilo zipatazo 725.

Mtu akifungua mlango wa Elise anaiona kazi yenyewe, maana hawakuificha. Pembeni ya kiti hupita mhimili mkubwa wa ubavuni, wenye kina na upana, nao ndio kizingiti cha mlango. Kuingia ni shughuli: unatanguliza mguu mmoja, unakalia ukingo, unateremka huku umejikunja. Wazee hawalipendi gari hili, na wana haki. Ndani hakuna zulia la maana, aluminiamu iko wazi, na hata pedali ni vipande vya mhimili vilivyokatwa kwa msumeno. Hakuna pawa steringi, kwa sababu mbele pana uzito mdogo na tairi zenye upana wa milimita 185 tu, na mikono yako inatosha. Breki nazo hazina kisaidizi. Magari ya kwanza yalikuwa hata na diski za breki za aluminiamu iliyochanganywa na chembe za silikoni kabaidi, ambazo baadaye ziliachwa zikawekwa za chuma cha kalibu.

Injini ilikuwa ya Rover, lita 1.8, nguvu za farasi 118, ya kawaida kabisa, tena yenye sifa mbaya ya kuunguza gasketi ya silinda hedi. Katika gari la familia ingekokota mzigo bila kumshangaza mtu. Katika Elise ilifikisha kilomita 100 kwa saa kwa sekunde zipatazo 6. Hakuna aliyeongeza nguvu. Sheria iliyowekwa tangu mwanzo wa dunia ilitiiwa tu, na ikalipa.

Mifupa hiyo ilisafiri mbali kuliko walivyofikiri waliounganisha ile ya kwanza. Kampuni ya Tesla ilipotaka kutengeneza gari lake la kwanza la umeme, Roadster, ilichukua chesisi iliyotokana na ya Elise, ikairefusha, na miili ya magari hayo ikaunganishwa hapohapo Hethel. Tarehe 6 Februari 2018 moja ya Roadster hizo ilirushwa kwa roketi ya Falcon Heavy kutoka Florida, na sasa inalizunguka Jua, mzunguko mmoja kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Aluminiamu iliyokuwa udongo sasa inatii sheria zilezile zinazoongoza sayari.

Elise yenyewe ilikoma mwaka 2021, baada ya magari zaidi ya 35,000. La mwisho lilienda kwa Elisa Artioli, mjukuu wa Romano, ambaye gari lilipewa jina lake akiwa mtoto mdogo. Kampuni sasa iko chini ya Wachina wa Geely, na gari lake la Eletre, la umeme, lililotengenezwa Wuhan, lina uzito wa karibu kilo 2,500. Ni Elise tatu na zaidi juu ya magurudumu manne. Linaweza kuwa gari zuri, tena lina kasi kubwa, kwa kuwa betri haina ubahili wa nguvu. Lakini kati ya hayo mawili, lile la kilo 725 ndilo lililofanywa kwa unyenyekevu, na kwa hukumu yangu ndilo linalostahili kuitwa ajabu.