Hukumu ya Mpita Njia

Tembea uone, walisema wahenga. Lakini hawakusema kwamba kila atembeaye huona. Jambo hili nilijifunza nchini Malawi, mwezi wa Agosti mwaka 1998, nami nalisimulia kwa aibu.

Tulikuwa wanne ndani ya gari la rafiki yangu. Tulivuka mto Songwe asubuhi, tukapita Karonga, ambako Wangonde husema lugha ambayo Mnyakyusa wa Tukuyu haimpi taabu. Kushoto kwetu lilikuwapo ziwa. Sisi tuliliita Nyasa, wenyeji wakaliita Malawi, na maji yalikuwa yale yale. Tukapanda milima, tukapita misitu ya misonobari ya Viphya, hata tukafika Lilongwe. Kila tuliposimama tulikuta watu wapole, wepesi wa kusema "zikomo", yaani asante.

Tulipokwisha kuipita Dedza, kwenye barabara inayoambaa mpaka wa Msumbiji, mtoto wa miaka kumi hivi alisimama kando ya njia akiwa ameinua vijiti juu. Katika vijiti hivyo walibanwa panya wa shambani waliochemshwa na kukaushwa kwa chumvi. Tukacheka. Nikamwomba dereva asimame, nikatoa kamera. Mtoto alidhani tunanunua. Akasogea, akavipanga vijiti vyake vizuri, akasimama wima. Nikapiga picha mbili, tukaondoka. Kwenye kioo nilimwona akikimbia hatua chache, kisha akaacha.

Nyumbani Dar es Salaam, picha ile ikawa kitoweo cha mazungumzo. Kila mgeni nilimwonyesha. Jioni moja alikuwapo shangazi yangu, aliyekuja kutoka Masasi kutibiwa. Wengine walicheka, yeye aliishika picha muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "baba yako tulimlea kwa hao. Baada ya mavuno tulikuwa tukiwachimba mashambani, na siku wakipatikana tulikula tukashiba. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Pengine aliona tangu mapema kwamba mimi ni mtu wa kucheka.

Tangu siku ile nimejiuliza: je, mpita njia ana haki ya kuihukumu nchi ya watu? Wako wasemao hana kabisa, aone, anyamaze. Sikubaliani nao. Mtu asiyepima anachokiona afadhali angebaki nyumbani. Tena kunyamaza nako kwaweza kuwa dhambi. Kamuzu Banda aliitawala Malawi tangu uhuru mwaka 1964 hadi mwaka 1994, na tangu mwaka 1971 aliitwa Rais wa Maisha. Wasafiri wengi wa zama zile walirudi wakisifu usafi na utulivu wa nchi. Hawakuuliza utulivu ule ulinunuliwa kwa nini. Wenyeji waliijua bei yake, maana kulikuwa na waliofungwa kwa neno moja tu. Katika kura ya maoni ya Juni 1993, zaidi ya asilimia 60 walichagua vyama vingi.

Basi msafiri aliyesifu na mimi niliyecheka tulikosea kosa moja. Sote tulitazama kupitia dirisha la gari, tukadhani tumeingia ndani ya nyumba. Barabara humwonyesha mgeni kile kinachouzwa kando yake, na kile ambacho wakubwa wamependa kionekane. Yaliyobaki hupatikana kwa kushuka, kusalimu, na kuuliza.

Kwa hiyo nasema haki ya kuhukumu ipo, lakini ina masharti mawili. La kwanza, uulize kabla ya kusema. La pili, ambalo ni gumu zaidi, uitazame kwanza nyumba yako. Mimi nilisafiri mamia ya kilomita kwenda kukidharau chakula kilichomkuza baba yangu, na aliyenifahamisha alikuwa mwanamke mgonjwa niliyemkaribisha sebuleni kwangu.

Shangazi amekwisha kufariki. Picha ninayo bado, ila siionyeshi tena kwa kuchekesha watu. Yule mtoto, kama yu hai, sasa ni mtu mzima. Alisimama wima kwa ajili yangu akingoja niulize bei, nami sikuuliza.