Deni Lisilomfunga Mtu

Mei 2018, miezi mitatu hivi baada ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya PyeongChang, Evgenia Medvedeva wa Urusi alimwacha kocha wake. Alikuwa na miaka 18, bingwa wa dunia mara mbili katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu, na Eteri Tutberidze alikuwa amemnoa jijini Moscow tangu akiwa mtoto. Akahamia Toronto, kwa kocha Brian Orser. Nyumbani maneno yakawa mengi: hana shukrani, msaliti. Mswahili angemwonya kwa upole zaidi kwamba asiache mbachao kwa msala upitao, lakini hukumu ingekuwa ileile.

Hukumu hiyo inategemea wazo ambalo hulipitisha kila mtu bila kulikagua: kwamba aliyekufundisha anakudai, na deni hilo hulipwa kwa kubaki.

Deni lipo, wala tusilikane. Mtoto wa miaka minane hawezi kujifundisha mwenyewe kuruka, kuzunguka mara tatu hewani, kisha kutua kinyumenyume kwa mguu mmoja juu ya chuma ambacho upana wake haufiki nusu sentimita. Kuna mtu aliyesimama kwenye baridi mwaka baada ya mwaka akimwambia inuka, rudia. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba deni la fadhila halilipiki likaisha, kwa sababu aliyekutendea wema alitangulia, na huwezi kumpiku katika kutangulia huko hata ukimrudishia maradufu. Nakubaliana naye. Ila tufuate hoja hadi mwisho wake. Kama deni halilipiki, basi hata kubaki hakulilipi. Medvedeva angekaa Moscow miaka kumi mingine, angedaiwa kilekile alichodaiwa siku aliyofunga virago. Kwa hiyo anayemwambia abaki ili alipe anataka kitu kingine, tena chenye bei inayojulikana: medali zijazo. Hiyo ni kodi, na kodi haifai kuvalishwa kanzu ya shukrani.

Turudi PyeongChang, maana jambo lenyewe liko pale. Aliyemshinda Medvedeva ni Alina Zagitova, binti wa miaka 15, mwanafunzi wa kocha huyohuyo. Katika programu ndefu wote wawili walipata alama sawasawa, 156.65. Programu fupi ndiyo iliyowatenga: jumla ya Zagitova ikawa 239.57, ya Medvedeva 238.26. Alama 1.31 tu. Medvedeva ndiye aliyeteleza wa mwisho siku ile, na alipomaliza alibubujikwa na machozi.

Anayeutazama mchezo huu kwa makini ataona jambo dogo linalojirudia ukingoni mwa uwanja. Mtelezaji huvua vifuniko vya plastiki vinavyolinda makali ya viatu vyake, humkabidhi kocha, hushikana naye mikono juu ya ukuta, kisha huenda peke yake katikati ya barafu. Kocha hubaki na vile vifuniko mkononi. Baadaye huketi pamoja kwenye benchi, kamera zikiwakodolea, wakingoja alama. Wakati ule mtelezaji hana mwingine. Kocha, kama ana wanafunzi wawili wanaowania taji moja, ana mwingine. Siku ile Tutberidze hakuweza kushindwa. Medvedeva aliweza, na alishindwa.

Simlaumu kocha. Kufundisha kundi ndiyo kazi yake, na fundi seremala mwenye wanagenzi wawili humpa kila mmoja kitanda chake cha kuchonga. Lakini dhahabu ya Olimpiki ni moja. Uaminifu wa kocha hugawanyika kwa haki kabisa, huku wa mwanafunzi ukidaiwa mzima mzima. Uaminifu wa namna hiyo ni utii tu, na utii una kikomo, hasa kwa mtu aliyekwisha kuwa mtu mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wanaohesabu fadhila hulisahau: mwalimu hukuachia na kasoro. Mruko uitwao lutz unatakiwa uanzie ukingo wa nje wa chuma cha mguu wa kushoto, na wachambuzi walikuwa wakimlaumu Medvedeva kwamba mguu wake huangukia ukingo wa ndani. Kasoro kama hiyo hukua pamoja na mwili. Kuirekebisha ukubwani kunahitaji jicho jipya, na mara nyingi kwanza unateleza vibaya kuliko zamani.

Basi watu wakangoja matokeo wahukumu kwa hayo. Katika ubingwa wa dunia wa 2019 huko Saitama, Zagitova alichukua dhahabu na Medvedeva shaba. Wapo waliocheka. Lakini matokeo ni shahidi asiyeaminika. Mtelezaji Michelle Kwan wa Marekani aliachana na kocha wake, Frank Carroll, mwishoni mwa 2001, akaenda Olimpiki ya Salt Lake City bila kocha, akaongoza baada ya programu fupi, akaanguka katika ile ndefu na kupata shaba. Wakasema: si mnaona! Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia kwa mara ya tano, bila Carroll. Sasa tuseme uamuzi ulikuwa mbaya mwaka 2002 ukageuka mzuri 2003? Uamuzi hupimwa kwa sababu alizokuwa nazo mtu siku alipoufanya, na Medvedeva alikuwa nazo za kutosha.

Septemba 2020 Medvedeva alirudi kwa Tutberidze. Wale wale waliomwita msaliti sasa wakasema amejuta. Mimi sioni hivyo. Angekuwa amevunja agano, kurudi kungehitaji msamaha; kama hapakuwa na agano, alirudi tu mahali palipomfaa wakati huo. Hakushindana tena kimataifa. Hakumkosea mtu alipoondoka, wala hakujisuta aliporudi.